Jinsi ya Kutumia Kitenzi cha Kiingereza "tempt"

Watazamaji wapenzi, karibuni. Somo hili limeandaliwa hasa kwa ajili ya vijana wa Lamu wanaohudumia wageni mjini na Shela. Chukua daftari na uandike kitenzi chetu: tempt.

Anza kwa kukitamka. Herufi p ni lazima iandikwe, ila katika kusema husikika kwa mbali, na wengi huiacha kabisa. Simamisha video, ukitamke mara kadhaa, kisha uendelee.

Hatua ya pili ni maana. Asili yake ni neno la Kilatini temptare, yaani kujaribu au kupima, na Wakristo wanaposali kwa Kiswahili wasitiwe majaribuni, sala hiyo kwa Kiingereza hutumia nomino temptation, yenye asili moja na kitenzi hiki. Maana hiyo ya kumvuta mtu kwenye uovu ingalipo, lakini ipo nyingine isiyo na lawama, nayo ni kumtamanisha mtu kwa kitu kizuri. Mgeni aliyeandaliwa mahamri na mbaazi akisema "This looks tempting", amesifu chakula chako. Nawe waweza kumkaribisha kwa upole: "Can I tempt you with some halwa?" Zingatia kihusishi with, na uiweke sentensi hiyo kwenye mambo ya mezani, kwa kuwa uchangamfu wake haufai mgeni anapolalamika au anapolipa.

Sasa tufike kwenye hatua ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote, maana hapa ndipo watu wasipoelewana. Andika sentensi mbili, moja chini ya nyingine: "I was tempted to buy a kofia" na "I was tempted into buying a kofia." Katika ya kwanza, mgeni alitamani kofia, na mara nyingi husema hivyo kwa sababu hakuinunua, katika ya pili, alishawishika akainunua. Kwa hiyo nahodha anayeambiwa "I'm tempted to sail to Manda tomorrow" asimhesabu mgeni huyo miongoni mwa abiria wake, kwani hamu ipo lakini uamuzi bado, na inampasa amuulize waziwazi kama atakwenda.

Utasikia pia tempt fate, yaani kujitakia balaa, kama kutoka na mashua ilhali bahari imechafuka.

Mwisho, simamisha video tena na utafsiri: "Nilitamani kuongeza wali wa nazi, lakini nilikuwa nimeshiba." Jibu ni "I was tempted to have more coconut rice, but I was full." Ikiwa umeandika into having, rekebisha, kwa sababu sentensi yako inasema kwamba wali umekwisha kuliwa.