Hazina Mbili za Poland: Kuandika Pamoja Makala za Wikipedia Bila Kuchanganya Meli

Ndugu wahariri, kabla ya kugusa kitufe cha kuhariri tutenganishe mizigo miwili. Kinachoharibu makala nyingi za mada hii ni kuchanganya hazina ya kasri la Wawel, lililoko Kraków, na dhahabu ya Bank Polski, benki kuu ya Poland. Zote ziliondolewa Septemba 1939, Ujerumani ilipovamia Poland, zote zikapitia Romania, zote zikapakiwa bandarini Constanța. Mwenye haraka huzipandisha meli moja.

Dhahabu, takribani tani 75, ilibebwa na meli ya mafuta Eocene hadi Istanbul, ikaenda Beirut kwa treni, kisha Toulon kwa manowari za Ufaransa. Juni 1940 ilitolewa Lorient, bandari ya Ufaransa, ikapelekwa Dakar na kufichwa Kayes, katika Mali ya leo. Hapo Kayes msipapite mbio. Makala nyingi hupataja kwa neno moja tu, ilhali msomaji wetu atataka kujua zaidi.

Hazina ya Wawel ni kitu kingine: mazulia ya ukutani ya mfalme Zygmunt II August, zaidi ya 130, pamoja na Szczerbiec, upanga wa kutawazia wafalme. Ilitoka Kraków kwa mashua mtoni Vistula, ikaondoka Constanța kwa meli Ardeal, hatimaye ikafika Ufaransa. Juni 1940 meli Chorzów iliitoa Ufaransa hadi Falmouth, Uingereza, na Julai meli Batory ikaivusha hadi Halifax, Kanada. Sasa angalieni mtego: safari hiyohiyo Batory ilibeba dhahabu pia, ila ilikuwa ya Uingereza. Mkikuta “Batory” na “dhahabu” katika sentensi moja, ulizeni dhahabu ya nani.

Kwa hiyo kazi igawanywe kwa vipande vya safari. Kwenye ukurasa wa majadiliano chora jedwali: chombo, bandari ya kutoka na ya kufika, tarehe zote mbili, na chanzo pamoja na namba ya ukurasa. Mmoja anajaza, mwingine anafungua chanzo na kuhakiki. Mstari usiohakikiwa hauingii kwenye makala. Vyanzo viwili vikitofautiana siku chache, mara nyingi kimoja kimetaja siku ya kung'oa nanga na kingine siku ya kutia nanga. Vikitofautiana kweli, andika tarehe zote na useme kipi kinasema nini.

Mkitafsiri kutoka Wikipedia ya Kipolandi au Kiingereza, leseni inadai muwataje waandishi wake. Weka kiungo cha makala asilia katika muhtasari wa uhariri. Umesahau? Fanya uhariri mdogo mwingine, ukiandike humo. Tanbihi za chanzo usichokisoma usizihamishe. Ukifanya hivyo unatoa ushahidi wa jambo usilolishuhudia. Na hifadhini sehemu moja moja. Watu wawili wakifungua ukurasa mzima kwa pamoja, wa pili kuhifadhi atakutana na mgongano wa uhariri.

Sehemu ya Kanada ndiyo huzua ubishi. Baada ya vita wasimamizi wawili wa hazina ya Wawel, Świerz-Zaleski na Polkowski, waligawanyika: wa kwanza upande wa serikali ya Kikomunisti ya Warszawa, wa pili upande wa serikali iliyokuwa uhamishoni London. Baadhi ya vitu vilikuwa katika benki iitwayo Bank of Montreal, mjini Ottawa. Mazulia yakaishia Quebec, ambako waziri mkuu wa jimbo, Duplessis, alikataa kuyakabidhi kwa Wakomunisti. Vya benki vilirudi 1959, mazulia 1961 chini ya Lesage, waziri mkuu wa jimbo wa baadaye. Makala inayosema “hazina ilirudi 1961” imefuta nusu ya habari. Epukeni “waliiba” na “waliokoa” kwa sauti ya makala. Maneno hayo yabaki vinywani mwa walioyasema, na majina yao yatajwe.

Majina yaandikwe kwa herufi zake, Kraków, Świerz, kisha tengenezeni kurasa za kuelekeza zenye majina yasiyo na alama (Krakow, Swierz). Bila hizo, wiki ijayo mtu ataanzisha makala ya pili.

Kuhusu wakimbizi Wapolandi wa Tengeru, Arusha: hao walitoka Umoja wa Kisovyeti kupitia Iran, kuanzia 1942. Wawekeeni kiungo chini, kwenye “Tazama pia”. Ndani ya masimulizi ya hazina hawamo.