Gari Linachemsha Likiwa Limesimama: Anza na Feni

Karibuni watazamaji. Gari hili lina tabia moja: likiwa barabarani kwenye mwendo, mshale wa joto unatulia katikati. Likikwama kwenye foleni, au ukiliacha linanguruma tu hapa lilipo, mshale unaanza kupanda. Likiondoka tena, unashuka. Tabia hiyo imeshatuambia mengi, kwa hiyo usikimbilie kununua kifaa chochote.

Gari likitembea, upepo wa mwendo unaingia kwenye grili na kupoza rejeta, kile kifaa cha mbele kinachopoza maji ya injini. Likisimama, upepo huo haupo na kazi yote inabaki kwa feni. Ndiyo maana tunaanza na feni, si themostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Themostati iliyogoma kufunguka huchemsha gari hata likiwa kwenye mwendo. Na ukiambiwa uitoe kabisa ili maji yapite, tafadhali kataa. Nyingi hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90 kwa sababu injini inahitaji joto hilo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi, na feni mbovu inabaki mbovu vilevile.

Kabla hujagusa kitu, nisikilize vizuri. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji ya ndani yana presha, yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, presha inashuka ghafla, yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Subiri hadi uweze kuuminya mpira wa juu wa rejeta bila kuungua wala kuhisi umekakamaa. Na feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata ukiwa umezima gari, kwa hiyo vidole vikae mbali nayo.

Injini imepoa, nafungua. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, inatakiwa ionekane hapa shingoni mwa rejeta. Ikiwa imepungua, ongeza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa madini (distilled), kisha tafuta inakovujia: kwenye klipu za mipira, chini ya pampu ya maji, pembeni mwa rejeta. Kulanti ikikauka huacha alama ya unga, fuata alama hiyo. Angalia pia raba ya mfuniko. Ikipasuka, presha haikai na maji yanachemka mapema.

Sasa feni. Washa gari, kisha washa kiyoyozi. Kwenye magari mengi feni inatakiwa izunguke ndani ya sekunde chache. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini haiwaki injini ikipata moto, mota ni nzima; shughulika na sensa ya joto na waya zake. Isipozunguka kabisa, zima gari, anza na fyuzi, halafu relei, ile swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme. Njia rahisi ya kupima relei ni kubadilishana na nyingine ya namba ileile kwenye boksi hilohilo.

Bado? Chomoa soketi ya feni, upeleke umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya wenye fyuzi. Ikizunguka kwa nguvu, mota haina kosa. Ikikaa kimya au ikizunguka kivivu, badilisha mota. Lakini kabla hujafunga mpya, sogea uone hapa ndani ya soketi. Pini hii imekuwa nyeusi na plastiki yake imeyeyuka kidogo. Umeme ulikuwa unapita kwa shida hapa, sehemu ikawa inaungua. Ukiunga feni mpya kwenye soketi hii, utarudi kuifungua tena. Kata, unga soketi mpya.

Kama feni ya gari lako inazungushwa na injini kupitia klachi (kiungo kinachoishika feni injini ikipata moto), zima injini ikiwa ya moto, chomoa ufunguo, uizungushe kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito kidogo. Ikizunguka bure raundi kadhaa, au ukiona mafuta yametapakaa kwenye klachi, imekwisha.

Kuna feni inayozunguka vizuri na gari bado linachemsha. Chukua karatasi, iweke mbele ya grili feni ikiwa inafanya kazi. Ikivutwa na kung'ang'ania, sawa. Ikisukumwa nje, waya za feni zimeungwa kinyume. Ikivutwa kwa unyonge, mulika tochi kati ya kondensa (ile rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele) na rejeta: vumbi, wadudu na majani hujibana hapo na kwa mbele huwezi kuviona. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Presha kubwa hukunja mapezi, yale mabati membamba ya rejeta. Na kava la feni likiwa halipo, lirudishe, maana ndilo linalolazimisha upepo upite kwenye rejeta nzima.

Pampu nayo ina dalili yake. Weka hita kwenye moto wa mwisho. Ikitoa hewa baridi gari likiwa limesimama, kisha ya moto ukikanyaga mafuta, basi kulanti haitoshi, kuna hewa ndani, au pampu na mkanda wake vimechoka. Kutoa hewa, anza injini ikiwa baridi na mfuniko wazi, hita ikiwa kwenye moto, ukiongeza kulanti kadiri inavyoshuka. Mapovu yakikata, funga mfuniko. Yasipokata, na ekzosi inatoa moshi mweupe mzito, au oili imekuwa kama maziwa, simamisha kazi: hiyo ni dalili ya kuharibika kwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, na gari lisiendeshwe hadi lifike kwa fundi.

Ukimaliza, liache gari lingurume hadi feni iwake na kuzima mara mbili, kisha rudia kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Kesho asubuhi, kabla ya kuliwasha, angalia tena kiwango cha kulanti. Kikiwa kimeshuka kidogo, jazia. Kikiendelea kushuka siku zinazofuata, bado kuna pahali panavuja.