Kocha asiachiwe usajili: nani ana neno la mwisho kwenye NFL

Kama kuna aliyekuja akidhani leo ni Simba na Yanga, pole sana, leo ni mpira wa Marekani, ule wa helmeti, ligi yao ya NFL, na mnaonijua mshajua ntasema nini: kocha afundishe, usajili awe nao GM, yaani meneja mkuu wa timu. Nimesema mara nyingi na bado sijachoka, mchoke nyie.

Tuanze na Parcells. Mwaka 1996, New England Patriots. Kocha Bill Parcells ana Super Bowl mbili, yaani fainali ya ligi, alizobeba na timu ya Giants, mtu wa amri, hapendi kuulizwa ulizwa. Mwenye timu ni Robert Kraft, kainunua 1994, bado mgeni kwenye hii biashara ila hela ni yake. Ikafika drafti, ile siku timu zinachagua vijana wa vyuo, Patriots wana nafasi ya 7. Parcells anataka mtu wa safu ya ulinzi, Bobby Grier anayesimamia mambo ya wachezaji anamtaka Terry Glenn, mdakaji wa Ohio State. Kraft akaenda na Grier. Kocha mzima karukwa, na kila mtu jengoni kajua!

Mzee akanuna. Glenn akaumia kambini, waandishi wakauliza kijana anaendeleaje, Parcells akamjibia kama anaongelea binti, Kraft hakupenda hata kidogo. Sasa utamu uko hapa: huyo huyo Glenn akadaka pasi 90 msimu ule, rekodi ya NFL wakati huo kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza, timu ikafika Super Bowl ikapigwa na Green Bay 35-21, na Parcells hata ndege ya kurudi na wenzake hakupanda. Akaacha kazi, akatoa ule msemo wake kwamba wakitaka upike chakula, basi angalau wakuache ukanunue baadhi ya vitu sokoni. Akaenda zake timu nyingine, Jets.

Watu wanaupigia makofi huo msemo mpaka leo na mimi unaniudhi kwelikweli, kwa sababu kilichonunuliwa kilikuwa kizuri! Mpishi ndo alikosea bei ya sokoni, halafu akakipika hicho hicho mpaka fainali, halafu analalamika.

Na simlaumu kama mtu, kazi yenyewe ndo inamfanya hivyo. Kocha anawaza Jumapili hii, akifungwa mfululizo anafukuzwa, GM anatakiwa awaze kikomo cha mishahara cha miaka mitatu mbele na mkataba wa nani unaisha lini. Ndo maana cheo kisiwadanganye, angalieni kwenye mkataba nani kaandikiwa neno la mwisho juu ya wale wachezaji 53. Kocha mpe siku ya mechi, hao wasiozidi 48 watakaovaa jezi achague mwenyewe, hapo asiingiliwe na mtu.

Namwona pale nyuma mtu anataka kusema Bill Belichick, aliyekuja kuwa kocha wa hao hao Patriots. Kaa, nakuja. Ndiyo, alikuwa na kila kitu mkononi na akabeba Super Bowl sita. Lakini miaka ya mwanzo pembeni yake alikuwepo Scott Pioli wa kusimamia wachezaji, na kwenye drafti ya 2000 walimwokota Tom Brady, mrusha pasi, namba 199, bahati ambayo timu zote zilikuwa zimeipita. Brady akaondoka 2020, madaraka yakabaki yale yale, msimu wa 2023 wakamaliza ushindi 4 vipigo 13, Januari 2024 wakaachana naye. Sasa hiyo ni hoja yako au yangu?

Kocha Chip Kelly harakaharaka: Eagles wa Philadelphia wakampa usajili mwanzoni mwa 2015, akamuuza nyota wao LeSean McCoy, Desemba hiyo hiyo hayupo. Bill O'Brien wa Houston, kapewa u-GM rasmi Januari 2020, Machi kamtoa mdakaji wao nyota DeAndre Hopkins, Oktoba kafukuzwa, hajashinda hata mechi moja msimu ule. Holmgren wa Seattle nilitaka nimwongelee vizuri, wakamvua u-GM wakamwachia ukocha, miaka mitatu baadaye yuko Super Bowl, ila muda umeniishia.

Andy Reid simwachi. Kabla ya Kelly, pale Philadelphia alikuwa kocha mwenye sauti kwenye usajili kwa miaka, 2012 akamaliza 4-12 akatolewa. Akaenda Kansas City 2013 kufundisha tu, usajili ukawa wa John Dorsey, baadaye Brett Veach. Super Bowl tatu.

Haya, maswali. Na tafadhali asiniulize mtu kuhusu Jerry Jones wa Dallas Cowboys, yule ni mwenye timu aliyejipa u-GM mwenyewe tangu 1989, tukimwanza yeye tutalala hapa.