Julai Nne Kisiwani Maine: Kambakochi wa Shimoni na Amri ya Kivuko

Wana Dar, hamjambo! Huku Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, ni saa tatu asubuhi. Huko nyumbani saa kumi jioni imegonga na foleni ya Mbagala najua imeshaanza. Leo ni Julai nne, sikukuu ya uhuru wao, wanayoihesabu tangu 1776. Ya mijini mmeshaiona sana kwenye televisheni. Mimi nawapeleka kisiwani, ambako kamati ya sherehe ipo, lakini wenye amri ni kivuko na bahari.

Chukueni mfano wa Vinalhaven, kisiwa chenye watu elfu moja na mia kadhaa. Kutoka bandari ya Rockland ni saa moja na robo majini. Wa Kigamboni, ukikosa pantoni ya Magogoni unanung'unika kidogo, inakuja nyingine. Huku ukikosa ya mwisho, umelala. Na ya mwisho huondoka jua bado liko juu, wakati fataki zinangoja giza, na Julai huku jua linazama saa mbili na dakika ishirini usiku! Kwa hiyo anayetaka fataki atafute pa kulala mapema. Nafasi za magari ni chache, basi gari liache bara uingie kwa miguu. Viazi, mahindi, turubai, vyote vizito vitangulie jana yake.

Gwaride la asubuhi halina makuu: watoto na baiskeli zilizofungwa riboni, gari la zimamoto, wanajeshi wa zamani, pipi zinarushwa, basi. Shughuli yenyewe iko ufukweni, kwenye shimo la kupikia kambakochi kwa mvuke wa mwani. Sogeeni hapa muone.

Shimo la kulisha watu ishirini ni mita moja na nusu kwa mita moja, kina nusu mita, na lichimbwe juu ya alama ya maji kujaa. Maji huku yanapanda na kushuka kama mita tatu, kwa hiyo ukichimba chini ya alama, jioni unakula chakula cha samaki. Kibali cha moto kichukuliwe mapema kwa msimamizi wa moto wa mji. Ndani unapanga mawe ya granaiti yenye ukubwa wa nazi iliyofuliwa. Mawe yawe makavu, ya juu kabisa ya pwani. Usiokote lililokuwa majini: maji yaliyonasa ndani yakichemka hayana pa kutokea, jiwe linapasuka na vipande vinaruka usoni kwa watu. Hili si la utani.

Moto unawashwa saa saba mchana kwa kuni ngumu, unawaka saa tatu bila kupumzika. Wenye haraka huukatisha baada ya saa moja na nusu, kisha wanashangaa viazi kuwa vibichi. Kinachopika ni joto lililoingia ndani ya jiwe, na jiwe huchelewa kushiba.

Sasa mwani. Si ule wa kulima wa Paje na Jambiani. Huu ni wa kahawia, umeshika miamba, una vifuko vya hewa. Hukatwa maji yakiwa yamekupwa, ndiyo maana lazima ujue saa za maji ya siku hiyo. Kupwa kukiangukia alfajiri, amka alfajiri, ujaze magunia manne, uyaweke kivulini yakiwa yamelowa. Ukate, using'oe, acha sentimita 40 juu ya mwamba uote tena. Na uombe ruhusa! Mwaka 2019 mahakama ya juu ya Maine iliamua kuwa mwani huo ni mali ya mwenye ardhi ya ufukwe. Sisi tuliozoea pwani ya wote, hapo ndipo tunapokosana na majirani.

Kambakochi wa huku ana magando mawili makubwa, tofauti na wetu. Mmoja kwa kila mtu, wa gramu 570 hivi. Awe hai mpaka anaingia shimoni, kwa sababu akifa bakteria wanazaliana upesi na nyama inaharibika. Mfunike kwa mwani uliolowa, usimtie kwenye maji baridi ya bomba, yatamuua. Kitu kingine: Juni hadi Agosti, kuanzia saa kumi jioni ya Jumamosi hadi karibu na mapambazuko ya Jumatatu, sheria hairuhusu kuvuta mitego. Julai nne ya 2027 ni Jumapili. Atakayesubiri siku yenyewe atakula mahindi.

Saa kumi jioni, kokoa makaa yote. Yakibaki, mwani unaungua na chakula chote kinanuka moshi mchungu. Tandaza mwani unene wa shubiri moja, halafu viazi vidogo na vitunguu chini, kambakochi juu yao, kome ndani ya mfuko wa wavu, mahindi na maganda yake ya ndani. Juu kabisa weka yai bichi. Mwani tena, kisha turubai la pamba lililoloweshwa maji ya bahari, kingo zikandamizwe mawe. La plastiki litayeyukia kwenye chakula. Saa moja nzima, na asifunue mtu! Kila anayechungulia anatoa mvuke wa dakika kadhaa. Baada ya saa moja toa yai, livunje. Likiwa gumu katikati, pakueni.

Fataki zinafuata saa tatu na robo usiku, huko kwenu saa kumi na robo alfajiri. Ukungu ukishuka zinaahirishwa. Hewa ya joto ikipita juu ya bahari hii baridi, ukungu ni kawaida.

Mnaotaka kujaribu Kigamboni siku ya Sabasaba, badilisheni mambo manne. Mawe ya matumbawe marufuku, ndiyo yale wazee walikuwa wanachoma kupata chokaa; tafuteni mawe magumu ya Lugoba. Badala ya mwani wekeni majani ya mgomba, tabaka tano au sita, yaliyolowekwa maji ya bahari, maana peke yake hayana maji ya kutosha kutoa mvuke. Kuni za mikoko msiguse. Kambakochi wa soko la Feri nyama yake iko mkiani, kwa hiyo dakika 40 zinamtosha. Viazi vikateni vipande viwili, au mvitangulize dakika ishirini.