Kabla ya Kuchora Grafu, Waache Wabishane

Assalaam aleikum, na hamjambo walimu wenzangu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafundisha watoto wa chekechea na wa gredi za mwanzo kukusanya data na kuchora grafu. Wengi wetu huanzia mwisho. Tunachora mistari miwili ubaoni, tunatoa idadi ya maembe na machungwa kitabuni, kisha tunawaambia watoto wapake rangi. Wanapaka. Wamejifunza kupaka rangi.

Kwa maoni yangu, hesabu yenyewe iko kabla ya hapo, pale watoto wanapobishana juu ya kipi kihesabiwe wapi.

Chukueni swali la kila asubuhi: leo umefika shule na nini? Kila mtoto ana jibu lake. Hapa Mombasa yatakuja haraka: kwa miguu, tuktuk, matatu, bodaboda. Halafu atainuka mtoto wa Likoni. Ametembea hadi kivukoni, akapanda feri, akavuka kisiwani, akadandia matatu. Huyu tumweke wapi?

Nakuombeni msimjibu. Ukishasema "mweke kwenye matatu" umewanyang'anya somo. Mmoja atasema awekwe kwenye feri, kwa sababu feri ni kubwa. Mwingine atataka kila chombo kipate alama yake. Haya, wajaribu. Tuseme darasa lina watoto 32, na alama zikatoka 39. Waulize: hizi saba zimetoka wapi, na darasani hakuna aliyeongezeka? Hapo ndipo mtoto wa miaka sita au saba anapoanza kuona kuwa kuhesabu watoto ni kazi moja na kuhesabu vyombo ni nyingine. Wataligeuza swali wenyewe: "Mpaka pale getini, umeletwa na nini?" Wako watu wazima wanaoandika ripoti ambao bado hawajafika hapo, lakini hayo tuyaache.

Kuhusu alama sina mengi: vijiti vinne, cha tano kinalazwa juu yake, wahesabu tano tano.

Sasa grafu. Msiikimbilie karatasi. Kusanyeni viberiti vitupu, kila mtoto apewe kimoja, akakiweke juu ya kundi lake. Minara ikiinuka mezani, hiyo tayari ni grafu. Viberiti vinatufaa kwa sababu vyote ni sawa kwa ukubwa. Wape watoto wachore picha wenyewe na utaona balaa: matatu tatu, zimechorwa pamoja na madoido na taa zote, zinaipita safu ya tuktuk tano. Wacha waione safu hiyo, uwaulize ipi nyingi, wahesabu. Baadaye ndipo uwape karatasi ya miraba, mraba mmoja mtoto mmoja, na safu zote zianzie kwenye mstari mmoja.

Na kama hakuna aliyekuja kwa baiskeli? Watoto watataka jina lifutwe. Liacheni, na nafasi yake ibaki tupu. Tuliuliza, na jibu likawa sifuri. Kama tusingeuliza kabisa, hilo lingekuwa jambo lingine.

Grafu hii ya safu, au ya mihimili, ina historia inayonifurahisha. Mwandishi Mskoti, William Playfair, alichapisha kitabu chake cha grafu za biashara huko London mwaka wa 1786. Nyingi zilikuwa za mistari, zikifuata biashara mwaka hadi mwaka. Ila kwa Uskoti alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, basi hakuwa na cha kuunganisha kwa mstari. Akachora mihimili, kila nchi iliyofanya biashara na Uskoti na yake. Watoto wetu nao wana asubuhi moja tu; mihimili inawatosha.

Mstari uwekeni kwa wakubwa kidogo, gredi ya tatu au ya nne, na hapa Pwani tuna bahari ya kuwafundishia. Maji hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku. Tafuteni nguzo iliyo mahali salama, itieni alama za urefu, msome maji kila baada ya saa moja, mtie nukta kwenye grafu, kisha nukta ziunganishwe. Kati ya saa tatu na saa nne maji yalikuwapo mahali fulani, ndiyo maana tunaunganisha. Kati ya tuktuk na matatu hakuna kitu. Wakirudia wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, wataona mstari unavyopanda na kushuka zaidi. Watoto wa wavuvi watawaeleza wenzao sababu kabla yenu.

Mwalimu mmoja ameniuliza pale mlangoni: darasa langu lina watoto sitini, nifanyeje? Wagawe makundi ya kumi kumi, kila kundi liwahoji wenzao wa kundi hilo. Lakini swali liwe lile lile, neno kwa neno, la sivyo hamtaweza kujumlisha. Na viberiti sitini vikikushinda, muombe muuza soda wa jirani vizibo, mvipange chini kwa mistari. Atafurahi kupunguziwa taka.

Haya, nawasikiliza nyinyi sasa.