Duka Likiwa Mikononi mwa Polisi

Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Watu wakiniuliza polisi wanalivunjaje soko la magendo la mtandaoni, hutegemea niwatajie mtambo fulani wa kufumbua siri. Tor, ule mtandao unaoficha mtu alipo, hufunga ujumbe tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu. Kila kituo njiani kinamenya ganda moja tu: kinajua mzigo umetoka wapi na unakwenda kituo gani, basi. Kuyamenya yote kwa pamoja ni shughuli. Kwa hiyo mara nyingi polisi hawahangaiki nayo. Wanamsubiri mwenye duka ajikwae.

Chukueni AlphaBay. Mwaka 2017 lilikuwa na wauzaji wapatao 40,000: heroini, fentanili (dawa ya maumivu iliyo kali kuliko heroini), vitambulisho vya kughushi. Mwenyewe, Alexandre Cazes, kijana wa Kikanada, alikuwa akijistarehesha Bangkok na Lamborghini yake. Mwishoni mwa 2014, soko likiwa changa, aliyejiunga alitumiwa barua pepe ya kumkaribisha. Kwenye kichwa cha barua ile, mahali ambapo mimi na wewe hatupasomi kabisa, ilikaa anwani binafsi ya Cazes, aliyoitumia tangu ujana wake. Mtu mwenye mamilioni ya dola, kaangushwa na Hotmail!

Tarehe 5 Julai 2017, gari la polisi wa Thailand likapiga rivasi likagonga geti lake. Ajali ya kuigiza. Cazes akatoka kutazama geti, huku nyuma kompyuta yake iko wazi, imeingia sokoni kama msimamizi. Wangemkamata ameifunga, wangebaki na chuma tu. Kwa Ross Ulbricht, mwenye soko jingine la aina hiyo lililoitwa Silk Road, San Francisco, 2013, ilikuwa vivyo hivyo: maktabani maafisa wawili walijifanya wapenzi wanaogombana, akageuka kuwatazama, kompyuta mpakato ikanyakuliwa. Cazes yeye alikutwa amefariki rumande wiki moja baadaye.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha Waholanzi. Tarehe 20 Juni, wiki mbili kabla ya geti lile kugongwa, walikuwa wamelitwaa kimyakimya soko jingine, Hansa. Wasimamizi wake wawili walikamatwa Ujerumani. Soko halikufungwa, liliendelea kuuza, polisi wakiwa ndio wenye duka. AlphaBay lilipozimika bila tangazo, wateja wakadhani mwenyewe katoroka na fedha zao. Wakahamia wapi? Hansa, kwa maelfu.

Kule ndani Waholanzi walikwisha kubadilisha programu. Nywila za watu zikahifadhiwa. Anwani ya kupelekewa mzigo ikanakiliwa kabla haijafungwa kwa siri. Halafu picha. Zamani Hansa ilifuta taarifa zinazojificha ndani ya picha ya bidhaa, zikiwemo za mahali ilipopigwa. Polisi wakaacha kuzifuta, wakawaambia wauzaji: samahani, picha zimepotea kwa hitilafu, tafadhali zipakieni upya. Wakazipakia! Wakati huohuo maafisa walikuwa wakisuluhisha ugomvi wa wateja, nani hajatumiwa mzigo, nani kapunjwa. Utumishi wa umma huo.

Ilikwenda hivyo karibu mwezi mzima. Nami siwezi kuwaficha, hapo panankwaruza. Fentanili waliipiga marufuku, sawa, ila dawa nyingine ziliendelea kwenda majumbani kwa watu, serikali ikijua. Wapo wanaosema bila hivyo usingepata chochote ila kuhamisha soko kutoka jina hili kwenda jina lile, na kweli AlphaBay lenyewe lilivimba baada ya mengine kufungwa. Nawaelewa. Bado panankwaruza.

Tarehe 20 Julai wakafunga. Anwani zipatazo 10,000 za wateja walio nje ya Uholanzi zikapelekwa Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya. Na humo Uholanzi baadhi ya wanunuzi hawakupelekewa hati ya mashtaka. Waligongewa mlango tu, wakamkuta askari amesimama barazani, anataka waongee kidogo.

Naam, naona mkono huko kati. Karibu, dada.