Faili liko wapi? Mhadhara wa kwanza wa kozi ya databesi

Marahaba, marahaba, kaeni. Walioko mlangoni sogeeni mbele huku viti vipo. Leo sianzi na SQL, lugha ya kuiuliza databesi, najua wengi mmeshaiokota mtandaoni na mnadhani kozi hii ni kuandika SELECT, ile amri ya kuomba data, basi imeisha, leo naanza na masjala.

Kabla sijasoma mambo haya nilifanya kazi masjala ya hospitali moja ya wilaya, kompyuta hazijafika, na niwaambie ukweli, kozi hii niliielewa pale, chuo kilikuja kunipa majina tu. Mafaili yalipangwa kwa namba. Mgonjwa akija na kadi unasoma namba, unaenda kwenye rafu yake, unachomoa, dakika moja. Sasa aje bila kadi, imelowa au imebaki kwa shangazi yake, anakutajia jina tu. Mafaili yako kwa namba, wewe una jina, utapitia rafu zote faili moja moja na foleni ile? Ndo maana tulikuwa na kaunta buku la majina, kila herufi na kurasa zake, jina halafu pembeni namba ya faili. Lile kaunta buku ndo indeksi jamani. Ugonjwa haumo mle, dawa hazimo, mna jina na mahali pa kwenda basi.

Haya, tuhamie kwenye diski. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika inapiga mizunguko 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 8 na kidogo na wewe kwa wastani unasubiri nusu yake, ongeza na muda wa kichwa kusogea, tuseme milisekunde 10 kila unapogusa sehemu mpya. SSD, ile diski isiyozunguka, ina kasi zaidi sana, lakini nayo bado iko mbali na memori, na databesi bado inasoma kwa kurasa: PostgreSQL, databesi mojawapo, ukurasa wake kwa kawaida ni kilobaiti 8, hata ukitaka jina moja utaletewa ukurasa mzima.

Chukua kalamu. Rekodi milioni 10, kila moja baiti 200, ukurasa unabeba kama 40, kwa hiyo una kurasa 250,000. Zikiwa zimetapakaa ovyo na unazifuata mmoja mmoja ni sekunde 2,500, dakika 41, kumtafuta mtu mmoja! Zikiwa zimefuatana na diski inasoma megabaiti 150 kwa sekunde, bado ni sekunde 13 hivi, na nyuma yake kuna watu 80 wamekaa kwenye benchi. Ukizipanga kwa jina ukawa unakata katikati, katikati tena, unafika kwa kurasa 18, sio mbaya, ila akija mgonjwa mpya anayeangukia katikati unasukuma nani apishe?

Hapo ndo nawapenda Rudolf Bayer na Edward McCreight. Walikuwa maabara ya utafiti ya Boeing, wale wa ndege, na mwaka 1970 wakaandika kuhusu mti wanaouita B-tree. Wazo lenyewe: ukurasa mmoja ubebe vielekezi vingi, yaani alama za ukurasa gani uende, tuseme 300. Ngazi ya kwanza 300, ya pili 90,000, ya tatu milioni 27. Rekodi zako milioni 10 zimeenea kwenye ngazi tatu, ongeza hatua moja ya kuifuata rekodi yenyewe, kurasa 4, milisekunde 40. Na ukurasa ukijaa? Tulivyofanya sisi rafu ikijaa: nusu unahamishia rafu mpya, unabadilisha kibandiko cha juu, rafu zingine huzigusi kabisa.

Hashi, aina nyingine ya indeksi, tutaifikia wiki ya tatu, inakupeleka moja kwa moja ukiwa na namba kamili, ila ukitaka waliozaliwa kati ya 1990 na 1995 haikusaidii.

Ndiyo dada huko nyuma, sema... Anauliza kwa nini tusiweke indeksi kila safu, yaani kila aina ya taarifa tunayoandika, tumalize. Swali zuri sana hili. Kwa sababu kila kaunta buku unaloongeza, mgonjwa mpya lazima aandikwe na humo pia. Usiku mmoja zamu yetu ilizidiwa, mtoto akafunguliwa faili, namba ikatolewa, faili likaingia kwenye rafu, kwenye kaunta buku hakuandikwa. Mama yake karudi baada ya wiki kadhaa, kadi imepotea, mtoto ana seli mundu. Nikatafuta jina, hamna. Nikafungua faili jipya, daktari akaanza maswali upya mwanzo mpaka mwisho wakati majibu yote yalikuwa hatua 10 nyuma yangu, rafuni. Sijaisahau sura ya yule mama. Kwa hiyo tukifika kwenye muamala, kwamba ama vyote viandikwe ama kisiandikwe hata kimoja, msiichukulie kama nadharia ya mtihani.

Alhamisi tuko labu. Mtapakia rekodi milioni 10 za kubuni, mtauliza kwa jina bila indeksi, mnaandika muda, mnaweka indeksi, mnauliza tena. Ila kabla hujabonyeza, andika kwenye karatasi unategemea kurasa ngapi zitasomwa na umezipataje. Hiyo karatasi ndo nitakayosahihisha.